Sheria ya Dawa: Bara Ijifunze kwa Visiwani

Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa, wilayani Geita, kazi yake ni ya vumbi. Hushuka katika duara kwa kamba, hupasua mwamba kwa nyundo na baruti, na mawe yakishapandishwa juu husagwa katika makarasha yanayotimua vumbi jeupe juu ya watu, juu ya nyumba na juu ya vyakula vinavyouzwa kandokando ya mialo ya kuoshea dhahabu. Dunia imekwisha kuisikia Rwamgasa kwa habari ya zebaki, kwani Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliichagua kuwa mojawapo ya mahali pa mradi wake wa zebaki, na mwaka 2003 wataalamu walifika kuwapima afya wachimbaji. Habari ya vumbi haikuvuma sana. Hata hivyo, vumbi la mwamba likishaingia mapafuni halitoki tena. Hutia makovu ndani ya mapafu, na mapafu yenye makovu hayo huwa makao mepesi ya vijidudu vya kifua kikuu.

Ugonjwa huo haukai mgodini. Mchimbaji mdogo ni mtu wa kuhamahama: leo yuko Rwamgasa, kesho Nyarugusu, na dhahabu ikikatika hurudi kwao. Wapo wanaorudi vijijini Shinyanga, na wapo wanaovuka maji kurudi Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, ambako kambi za wavuvi zina msongamano na zahanati ziko mbali. Kwa hiyo kikohozi cha mgodini ni jambo la mkaa bara na la mkaa kisiwani pia, na dawa yake yatupasa kuizungumza pamoja.

Leo hatusemi juu ya uhodari wa waganga wetu, kwani huo haupungui. Twasema juu ya sheria: sheria inayoamua ni nani duniani aruhusiwe kuitengeneza dawa fulani, na kwa sababu hiyo ni nani aweze kuinunua. Katika jambo hili Zanzibar ilitangulia mwaka 2008, na Bara bado iko nyuma. Maoni yetu ni kwamba Bara haina sababu ya kuendelea kuwa nyuma.

Kwanza na tukumbushane tulikotoka. Tanzania ina sifa kubwa katika vita dhidi ya kifua kikuu. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na Daktari Karel Styblo akishirikiana na wataalamu wetu alionyesha kwamba nchi maskini yaweza kuponya wagonjwa wengi kwa dawa zilizopangwa vema na kwa mgonjwa kuangaliwa anapomeza. Shirika la Afya Duniani lilipokuja kuueneza utaratibu huo ulimwenguni, sehemu kubwa ya mafunzo yake yalikuwa yametoka hapa kwetu.

Mafanikio hayo yalisaidiwa na jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa, yaani dawa za msingi hazikuwa na mwenyewe. Aizoniazidi ilitengenezwa mara ya kwanza huko Prague mwaka 1912, na nguvu yake juu ya kifua kikuu ilipogunduliwa mwaka 1952 hapakuwa na mtu wa kudai kuwa kitu chenyewe ni chake. Streptomaisini nayo, ambayo ndiyo iliyotangulia kumponya mgonjwa wa kifua kikuu, iliruhusiwa kutengenezwa na makampuni mbalimbali baada ya kampuni iliyokuwa na haki ya peke yake kukubali kuiachia. Viwanda vikiwa vingi, bei hushuka. Bei ikishuka, dozi humfikia hata mkulima.

Kifua kikuu sugu, yaani kile kisichosikia dawa za kawaida, kilikuja kuuvuruga utaratibu huo. Kwa miaka mingi mgonjwa wake alitibiwa kwa vidonge vingi na sindano za kila siku, kwa muda wa karibu miaka 2. Sindano hizo ziliwaponya baadhi ya watu na kuwaacha wengine wakiwa viziwi. Hapa kwetu wagonjwa wa aina hiyo walianza kwa kupelekwa Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, na mtu wa Geita au wa Ukerewe atajua mwenyewe hiyo ni safari ya namna gani.

Mwishoni mwa mwaka 2012 Marekani iliidhinisha bedakwilini, dawa ya kwanza ya aina mpya ya kutibu kifua kikuu kupatikana kwa muda wa miaka zaidi ya 40. Ni kidonge, si sindano, na wala haiui masikio. Kufikia mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya miezi 6 tu ambayo dawa hii ndiyo nguzo yake. Lakini dawa hii ilikuwa na mwenyewe, kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani. Hapo mwanzo dozi ya miezi 6 ilipangiwa bei ya dola 900 za Marekani kwa nchi za kipato cha chini, na dola 3,000 kwa nchi za kipato cha kati. Mwaka 2020 bei iliyotolewa kwa nchi maskini ilikuwa dola 340. Nchi yetu nayo iliingizwa na Benki ya Dunia katika daraja la kipato cha kati cha chini mwaka huo huo wa 2020. Heshima hiyo twaipokea, ila haikumwongezea mchimbaji wa Rwamgasa senti moja mfukoni.

Haki hiyo ya peke yake ndiyo iitwayo hataza. Ni hati ambayo Serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda wa miaka 20 mtu mwingine asitengeneze wala asiuze uvumbuzi wake pasipo ruhusa. Hataza si wizi, nasi hatumwonei mvumbuzi wivu. Wataalamu waliopata bedakwilini walifanya kazi ya kuheshimiwa. Lakini hataza ni mapatano baina ya jamii na mvumbuzi. Si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba fedha za umma zilizotumika katika kuikamilisha dawa hii zilizidi zile za kampuni yenyewe. Maadamu umma ulichangia, umma una haki ya kuuliza bei.

Bei ilishukaje basi? Haikushuka kwa huruma. Mwaka 2019 wanawake wawili waliopona kifua kikuu lakini wakapoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya dawa za zamani, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, waliweka pingamizi nchini India dhidi ya ombi la hataza ya pili ambayo ingeongeza muda wa kampuni hadi mwaka 2027. Mwezi Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ililikataa ombi hilo. Mwezi Julai hataza ya msingi ilifikia mwisho wake katika nchi nyingi, na mwezi Agosti bei ya kampuni yenyewe, kwa manunuzi ya pamoja ya dunia, ikawa dola 130. Mwisho wa Septemba kampuni ilitangaza kwamba haitazidai hataza zake za bedakwilini katika nchi 134 za kipato cha chini na cha kati.

Twawashukuru wanawake wale. Lakini taifa lenye Bunge, Baraza la Wawakilishi na wanasheria wake lenyewe halifai kukaa likingoja wagonjwa wa nchi nyingine waende kulipigania. Ilikuwa vivyo hivyo katika dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Mwaka 2000 dozi ya mwaka mmoja ya mgonjwa mmoja iligharimu dola zaidi ya 10,000. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza bei ya dola 350. Mwezi Aprili mwaka huo makampuni 39 yaliyokuwa yameishitaki Serikali ya Afrika Kusini yaliiondoa kesi yao baada ya ulimwengu kuyapigia kelele. Matibabu ya bure yaliyoanza kutolewa nchini kwetu mwaka 2004 yaliwezekana kwa sababu ya viwanda hivyo vya India, nchi ambayo sheria yake ya mwaka 1970 haikuiruhusu hataza juu ya dawa yenyewe, nayo ikashika msimamo huo hadi mwaka 2005.

Sasa tuiangalie silaha iitwayo leseni ya lazima. Maana yake ni kwamba Serikali humruhusu mtengenezaji mwingine aitengeneze au aiingize dawa yenye hataza pasipo idhini ya mwenyewe, na mwenyewe hulipwa ada ya haki. Hili si jambo la uasi. Limo katika mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, ule ujulikanao kama TRIPS, na Azimio la Doha la Novemba 2001 lilithibitisha kwamba kila nchi ina uhuru wa kuamua sababu za kutoa leseni hiyo. Mwaka huo huo wa 2001, Marekani ilipotishwa na barua zenye kimeta, Serikali yake ilimwambia mwenye hataza ya dawa ya ugonjwa huo kwamba asiposhusha bei hataza yake itapuuzwa, naye alishusha. Lililokuwa halali kwa Washington haliwezi kuwa haramu kwa Dodoma.

Jirani zetu wamekwisha kuonyesha njia. Nchini Kenya, baada ya sheria ya mwaka 2001 kuiruhusu leseni ya lazima na wagonjwa kuidai, makampuni mawili makubwa yalikubali mwaka 2004 kukipa kiwanda cha Cosmos cha Nairobi leseni za hiari. Rwanda, isiyokuwa na kiwanda cha dawa hizo, iliarifu Shirika la Biashara Duniani mwaka 2007 kwamba itanunua dawa za UKIMWI zilizotengenezwa Kanada kwa leseni ya lazima, nazo zikafika mwaka 2008 na 2009. Ni kweli kwamba njia hiyo ya Rwanda ilikuwa na makaratasi mengi mno, na hatujaona nchi nyingi zikiifuata. Funzo lake ni kwamba anayengoja hadi ugonjwa umfike ndipo atafute sheria, huchelewa.

Nchi zilizo nyuma kimaendeleo, nasi tumo, zimepewa nafuu kubwa zaidi kuliko leseni ya lazima. Azimio la Doha liliziruhusu zisitoe kabisa hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2016, na mwezi Novemba 2015 muda huo ukaongezwa hadi tarehe 1 Januari 2033. Anayeitumia nafuu hii hahitaji kuomba leseni yoyote, kwa kuwa hapana hataza ya kuvukwa.

Lakini nafuu hii haiji yenyewe. Ni lazima iandikwe katika sheria ya nchi, na hapo ndipo tunapoona tofauti ya Visiwani na Bara. Mambo ya hataza si ya Muungano, hivyo kila upande una sheria yake. Sheria ya Miliki za Viwanda ya Zanzibar, namba 4 ya mwaka 2008, ilizitenga dawa pamoja na njia za kuzitengeneza zisipewe hataza hadi mwaka 2016, au hadi mwisho wa muda wowote ambao dunia ingeuongeza. Kwa maneno hayo machache ya mwisho, muda ulipoongezwa mwaka 2015 Zanzibar haikulazimika kuirudisha sheria yake Barazani. Huo ni uandishi wa sheria wenye busara, nao wastahili pongezi.

Bara hali ni nyingine. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, iliyoanza kutumika mwaka 1994, ilituondoa katika sheria ya kikoloni ambayo ilitaka hataza ipatikane kwanza Uingereza ndipo iandikishwe hapa. Hiyo ilikuwa hatua njema. Sheria hiyo pia inampa Waziri uwezo juu ya bidhaa zilizo muhimu kwa ulinzi, uchumi au afya ya umma, na inazungumzia leseni za lazima. Lakini iliandikwa kabla ya Shirika la Biashara Duniani kuundwa, nayo haikuzitenga dawa.

Matokeo yake huonekana Harare, yaliko makao makuu ya ARIPO, shirika la kanda linalotoa hataza kwa niaba ya nchi wanachama. Mwombaji akiitaja nchi, nchi hiyo hupewa miezi 6 ya kueleza kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu ndani ya mipaka yake kwa sababu sheria yake haiiruhusu. Ofisa wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, hata awe na uzalendo wa namna gani, hawezi kusema hivyo juu ya dawa maadamu sheria yake mwenyewe haikuzitenga. Kwa ukimya huo nafuu ambayo dunia imetupa hadi mwaka 2033 yatupita mlangoni.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba kwa kuwa na sheria njema wamesalimika. Soko la Visiwani ni dogo. Hapana mwenye kiwanda atakayejenga mitambo kwa ajili yake peke yake. Viwanda vikubwa vinavyoweza kuitengenezea Zanzibar dawa viko Bara, navyo huongozwa na sheria ya Bara. Hataza ikimfunga mtengenezaji wa Dar es Salaam au wa Arusha, mgonjwa wa Wete naye huikosa dawa ya karibu. Hali kadhalika wenzetu wa visiwa vya ziwa: dawa ya kufika Ukara hubebwa kwanza na gari, kisha na kivuko, na kila gharama inayoongezwa kiwandani humwelemea mtu wa mwisho katika safari hiyo.

Wako watakaosema kwamba tukiruhusu dawa jeneriki, yaani dawa zenye kiini kile kile ambazo hutengenezwa na kiwanda kingine bila jina la kibiashara la mwenye hataza, tutafurikiwa na dawa bandia. Hoja hii huchanganya mambo mawili. Dawa bandia ni ulaghai, na dawa jeneriki ni dawa halali iliyopimwa na kusajiliwa. Mahakama Kuu ya Kenya, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, ililiona jambo hili tarehe 20 Aprili 2012 ilipoamua kwamba sheria ya nchi hiyo ya kupambana na bidhaa bandia iliandikwa kwa upana uliotishia haki ya wagonjwa ya kupata dawa halali za bei nafuu. Mamlaka zetu za dawa, ya Bara na ya Zanzibar, zina kazi ya kuwakamata walaghai. Kazi hiyo haina uhusiano na kulinda soko la mwenye hataza.

Wengine watasema kwamba wafadhili hununua dawa hizi, basi bei si tatizo letu. Mwaka 2025 umewajibu. Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi Januari, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa mwezi Julai. Anayenunuliwa dawa na jirani hana budi kujua bei yake, kwani siku jirani atakapochoka, bei hiyo itakuwa yake.

Tena hatutaki kuwadanganya wasomaji. Sheria njema haitibu peke yake. Bedakwilini ingegawiwa bure bado isingemfaa mchimbaji ambaye hakupimwa makohozi, wala aliyeacha dozi katikati kwa kuhamia mgodi mwingine. Na maji ya kulowesha mawe kabla ya kusaga ni nafuu kuliko dawa yoyote. Mambo hayo ni ya halmashauri, ya wenye makarasha na ya wachimbaji wenyewe, nayo yaweza kuanza pasipo kulingoja Bunge.

Kwa Serikali tuna maombi manne. La kwanza, Bunge liletewe marekebisho ya Sheria ya Hataza ili dawa zitengwe kwa maneno kama yale ya Zanzibar, hadi mwaka 2033 na muda wowote utakaoongezwa. La pili, wakala husika uagizwe kuitumia ile miezi 6 ya ARIPO kwa kila ombi linalohusu dawa, badala ya kuiacha ipite. La tatu, kanuni za leseni ya lazima ziandikwe sasa, zikieleza ni nani aombe, ajibiwe kwa siku ngapi na ada ipigwe vipi, kwa kuwa iko siku tutatoka katika kundi la nchi zilizo nyuma na nafuu itakoma, ama hata kabla ya mwaka 2033. La nne, bohari za dawa za Bara na Zanzibar zinunue pamoja dawa zilizo ghali, na zishirikiane na jirani wa Afrika Mashariki, ambao mwaka 2013 walikubaliana juu ya sera ya pamoja ya kuzitumia nafuu hizi.

Maombi haya hayahitaji fedha za kigeni. Yahitaji karatasi, kalamu na nia. Wabunge wa Geita, Mwanza na Shinyanga, ambao wapiga kura wao ndio wanaolimeza vumbi, wangefaa kuwa wa kwanza kulisimamia jambo hili Dodoma. Na Wawakilishi wa Zanzibar, waliokwisha kulifanya, wawaazime wenzao maandishi yao. Dawa nyingine mpya zitakuja, na kila moja itakuja na mwenyewe. Zitukute tukiwa na sheria mkononi.